Jumamosi Huanza Alhamisi Jioni

Mhadhara kwa wazazi ambao watoto wao wanaingia msimu wa kwanza wa kandanda, Malindi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Kina mama mliofunga biashara mapema, kina baba mlioacha nyavu na gereji, ahsanteni kwa kufika. Viti vya mbele havina mwenyewe, sogeeni.

Najua wengi mlitarajia nianze na mpira. Huo nitamwachia kocha. Mtoto wa miaka 8 au 9 akiiacha timu mwezi wa pili, mara nyingi si kwa kuwa hajui kupiga chenga. Kiatu kilimbana, au alifika mara mbili mechi imeshaanza, au kila akirudi nyumbani anahojiwa kama mshtakiwa. Hayo hayatokei uwanjani, hutokea majumbani mwetu, na huko ndiko tutakakokaa leo.

Tuanze na juma lenyewe. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni, na mechi ni Jumamosi. Kwetu jua huzama kama saa kumi na mbili na robo hadi saa kumi na mbili na nusu, kukawia au kuwahi kidogo kufuata mwezi, kwa hiyo mtoto anayebaki kucheza kombolela baada ya mazoezi atarudi gizani na maghrib itampita. Mpeni dakika kumi za kunywa maji na kuvua njumu, basi, njia ya nyumbani.

Halafu chuo, yaani madrasa. Watoto wengi hapa wana shule, wana chuo, wana maji ya kuchota, na sasa wana mpira. Nendeni kwa maalim kabla ya msimu kuanza, mkononi mna karatasi yenye siku za mazoezi na tarehe za mechi. Mwombeni saa ya fidia: labda Jumatano, labda Ijumaa baada ya alasiri. Maalim akiombwa mapema husikiliza. Kinachoharibu ni mtoto kutoroka chuoni kimyakimya. Wiki ya tatu inagundulika, baba anakasirika, adhabu inakuwa "hakuna mpira tena", na kumbe kosa lilikuwa la ratiba ambayo hakuna mtu mzima aliyeipanga. Ramadhani nayo msiingoje ifike. Asiyebaleghe hajalazimika kufunga, lakini wengi hujaribu, na anayejaribu asikimbizwe saa kumi jioni. Mkubaliane na kocha: ama mazoezi mepesi ya nusu saa ambayo futari itayapokea mara moja, ama baada ya tarawehe penye taa.

Vyeti nitavipitia haraka. Leteni nakala tatu za cheti cha kuzaliwa na picha mbili ndogo. Tazameni jina herufi kwa herufi: kwenye cheti ni Mohamed, shuleni ni Muhammad, fomu ya timu imeandikwa Mudi. Siku ya pingamizi la vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, timu pinzani itaishika hiyo tofauti na mtoto halali atakaa benchi. Kurekebisha jina katika ofisi ya usajili si kazi ya siku moja, kwa hiyo atakayeona kosa leo aanze kesho.

Sasa vifaa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa zinapopotea.

Sheria ya mchezo inataka vitu vitano: shati lenye mikono, kaptura, soksi, kinga za ugoko na viatu. Kinga za ugoko ziishie vidole viwili chini ya goti na juu ya mkunjo wa kifundo, zifunikwe na soksi. Msikate boksi la sabuni. Kipande cha boksi kikilowa jasho huwa kama mkate uliochovywa chai, na teke la kwanza linapita moja kwa moja hadi mfupani. Herini, bangili, uzi wa hirizi, vyote vivuliwe. Refa hakubali kuvifunika kwa plasta. Wasichana wanaovaa hijabu wanaruhusiwa, sheria iliwekwa wazi mwaka 2014: iwe nyeusi au rangi ya shati, ikae sawasawa kichwani, isishonwe na shati, na isiwe na kitu kinachochomoza. Maana yake hakuna pini. Shoneni ya kuvuta kichwani yenye lastiki.

Njumu. Wengi wetu tutanunua mitumba, na mitumba si aibu, ila tuichague kwa macho ya fundi. Shikeni kiatu hivi, mkono mmoja kisiginoni, mmoja vidoleni, mkikunje. Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati ya unyayo, soli imechoka. Kisha ingizeni ukucha pembeni, pale soli inapokutana na ngozi. Gundi iliyokaa miaka ghalani huwa kavu kama ganda. Kwa joto la kaskazi, wiki mbili tu, kiatu kinafungua mdomo kama chewa. Kikiwa kizuri vinginevyo, mpelekeeni fundi akishone kuzunguka kabla hakijavaliwa hata siku moja. Kushona kiatu kilichokwisha kujaa mchanga ni kazi bure.

Meno ya njumu yawe mafupi, mengi, ya mpira. Viwanja vyetu ni mchanga juu ya udongo mgumu, pengine na vichwa vya matumbawe vinavyochungulia. Meno marefu sita yalitengenezwa kwa majani laini ya Ulaya. Hapa hayazami, mtoto husimama juu yake kama aliyevaa mchuchumio, na uzito wote unaangukia kisigino. Na kisigino cha mtoto wa miaka 8 hadi 14 kina sehemu ya mfupa ambayo haijakomaa. Akianza kuchechemea baada ya mazoezi, mkibana kisigino pande mbili akaruka, msiseme ni mvivu. Apumzishwe, viatu vitazamwe, na asipopata nafuu apelekwe hospitali. Maumivu ya namna hiyo hiyo huja chini ya goti, pale kwenye nundu, kwa wale wanaorefuka ghafla.

Ukubwa: mpimeni jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana kutwa, akiwa amevaa soksi za mpira na amesimama. Nafasi ya mbele iwe upana wa kidole gumba. "Atakikulia" ni neno zuri kwa sare ya shule. Kwa njumu, ukizidisha saizi mbili mguu unaogelea ndani, na malengelenge hutokea siku ya kwanza.

Mpira wa nyumbani uwe namba 4. Namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, huo ni wa watu wazima. Msiujaze hewa mpaka ulie kama ngoma. Na kichwa waacheni kwanza: Marekani ilizuia kupiga kichwa kwa watoto wa miaka 10 kurudi chini tangu 2015, na Uingereza ikatoa mwongozo 2020 kwamba watoto wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini. Kwa hiyo wewe unayepiga kelele "Kichwa! Kichwa!" pale mstarini, unamtuma mtoto kazi ambayo kocha hajamfunza.

Haya, Alhamisi jioni. Mtoto ametoka mazoezini. Jezi na soksi ziloweshwe usiku uleule, zigeuzwe ndani nje ili namba isibanduke, sabuni ya kawaida, bila dawa ya kung'arisha. Ijumaa zimekauka. Mkingoja Ijumaa usiku, Jumamosi alfajiri mtavaa shati lenye unyevu, na wakati wa masika halitakauka kabisa. Ijumaa jioni mfuko upangwe mlangoni, na aupange mtoto, mzazi akisoma kwa sauti: soksi, kinga, njumu, chupa, taulo. Kisha alale. Umri huu unahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na harusi ya jirani yenye spika mbili haijui hilo, kwa hiyo mfungieni dirisha.

Mechi ikiwa saa tatu asubuhi, ale saa kumi na mbili na nusu. Uji na mahamri mawili, au mkate na ndizi. Mbaazi za nazi ni tamu, nami sizikatai, ila nazi nzito hukaa tumboni, ziwekeni mchana. Maji: mtoto wa miaka 9 hadi 12 anahitaji mililita 100 hadi 250 kila dakika 20 za kukimbia, yaani robo lita kwa wingi wake, chini kidogo ya nusu ya hapo kwa uchache. Chupa ya lita moja yenye jina lake inatosha mechi na kurudi. Madafu ni mazuri baada ya mchezo, ila yana chumvi kidogo ya aina inayopotea kwa jasho, kwa hiyo mpeni na kitu cha chumvi, hata viazi vya karai. Machungwa ya mapumziko: kila moja likatwe vipande vinne, mtoto vipande viwili. Watoto 12 ni machungwa 6. Anayeleta 20 anafungua karamu ya nyuki.

Usafiri. Timu ina watoto 12. Ukiongeza kocha na mzazi mmoja ni 14, ambao ni abiria wa matatu moja ndogo. Kwa mechi ya Mambrui, Gede au Watamu, changeni mkodi moja, mwondoke saa moja na nusu. Msigawane kwa bodaboda. Sheria ni abiria mmoja kwa pikipiki, na mtoto mwenye mfuko mgongoni, mwenzake katikati, dereva anakimbizia daraja la Sabaki, hiyo si safari. Wekeni zamu: wazazi wanne wanaoaminiana, kila mmoja anakwenda Jumamosi moja kati ya nne akiwa na orodha ya majina, simu yenye chaji na mfuko wa dawa. Mama anayekaanga mahamri asubuhi na baba anayeingia baharini alfajiri ndio hasa zamu iliyowafaa. Na wadogo zake? Jumamosi ya zamu yenu, mmoja aende naye, mwingine akae kwa bibi, wabadilishane. Mtoto anayebaki nyumbani kila wiki ndiye atakayekuja kuificha njumu moja chini ya kitanda.

Mfuko wa dawa una sabuni, maji safi lita moja, bandeji, kitambaa safi, chumvi na sukari. Mkwaruzo wa matumbawe uoshwe kwa sabuni na maji hadi mchanga utoke wote. Hakuna mafuta ya taa wala dawa ya meno. Kifundo kikiteguka: barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, funga, inua mguu. Msichue. Jino la utu uzima likitoka, lishikwe upande wa taji, liwekwe kwenye maziwa, mkimbie kwa daktari wa meno ndani ya nusu saa mkiweza. Akigonga kichwa na akaonekana amezubaa, au anatapika, hatarudi uwanjani siku hiyo, hata kama baba yake ndiye mfadhili wa jezi. Na anayehara au kutapika kwa jua: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo pimeni, msikisie.

Sasa jambo linalogombanisha wazazi kuliko yote: "Mbona wangu hachezi?" Twende kwa hesabu. Wanacheza saba kwa saba, dakika 50. Saba mara 50 ni dakika 350 za uwanjani. Kipa akicheza zote 50, zinabaki 300 kwa watoto 11, kama dakika 27 kila mmoja. Mtoto akipata 25, hakuna aliyemdhulumu. Akipata 8, wiki tatu mfululizo, hapo mna haki ya kuuliza. Muulizeni kocha Jumanne, si Jumamosi pale mstarini mbele ya mtoto. Na mkumbuke aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wako daraja moja la umri. Mmoja ana karibu mwaka mzima wa misuli zaidi. Kuwa mdogo si kukosa kipaji.

Pale mstarini, mnaloruhusiwa ni kushangilia. Kocha anasema "toa pasi", baba anasema "piga", mtoto anasimama, mpira unapita. Kusi likivuma alasiri hata kocha mwenyewe hasikiki, sembuse watu kumi na wawili.

Mkiondoka uwanjani, swali la kwanza liwe "Una njaa?" Mambo ya mabao ayalete yeye. Wengi huyaleta wenyewe baada ya chakula, na wengine huleta Jumapili wakiwa wanaoga.

Mkifika nyumbani, njumu zigongwe nje, uzi ulegezwe, ulimi uvutwe mbele, soli ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Msizianike juani, jua ndilo linaloua gundi. Sokotezeni gazeti la zamani, mjaze ndani mpaka vidoleni, mlibadilishe baada ya saa moja, kisha mziache kivulini. Magazeti yako hapa mlangoni katika kapu. Kila mzazi achukue mawili akitoka, na wale wenye watoto wawili wachukue manne.