Mkia mdogo nyuma ya kitenzi

Ndugu zangu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa najifunza Kiingereza, mwenzangu aliniambia: "My alarm went off at five." Nikampa pole. "Off" nilikuwa naijua kutoka kwenye swichi, kwamba ni kuzima, basi nikaelewa kengele ilizimika naye akapitiwa na usingizi. Kumbe ililia alfajiri na akaamka vizuri tu. Akabaki ananishangaa.

Vitenzi vya Kiingereza vyenye kineno nyuma, kama huo "went off", ndivyo vilivyo. Kitenzi unakijua, kineno cha nyuma unakijua, vikikaa pamoja maana inakukimbia. Mwingereza Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alikiri kwamba hapa ndipo wageni wanapotaabika kuliko kwingine. Kwa hiyo kama vinakushinda, foleni ni ndefu na ya zamani.

Wengi wetu tulipewa orodha. "Give up", kukata tamaa. "Put off", kuahirisha. "Run out of", kuishiwa. Unakariri hamsini Ijumaa, Jumatatu zimebaki kumi. Sina ugomvi na kukariri, ugomvi wangu ni na mpangilio: orodha hufuata kitenzi. "Get up, get over, get by" zinabanana ukurasa mmoja na hazina undugu wowote. Mimi ningepanga kwa mkia, yaani kile kineno cha nyuma.

Na mkia sisi tunaujua. Vaa, vua. Funga, fungua. Tega, tegua. Hiyo "-ua", pamoja na "-uka" na "-oka", mara nyingi hubeba wazo la kitu kuachia pale kiliposhikiliwa. Sasa leteni "off". "Take off your shoes", vua viatu. "The handle came off", mpini umechomoka. "The gun went off", bunduki imefyatuka. "The bomb went off", bomu limelipuka. Mnausikia mkia? Kengele nayo ilitegwa usiku, alfajiri ikafyatuka. Laiti ningefikiri hivyo siku ile, nisingempa mtu pole ya bure.

Sitawadanganya kwamba zote zinanyooka hivyo. Taa zikizimika, "the lights went off", na maziwa yakiharibika Mwingereza husema "gone off". Hilo la maziwa nililikariri tu, basi.

"Up" mara nyingi humalizia kazi: "eat up", kula chote, "use up", kutumia hadi kiishe, "tear up", kuchanachana. Halafu inakuja "throw up", kutapika, inaharibu hesabu.

Ninayoipenda zaidi ni "throw out". "The court threw out the case." Ukifasiri neno kwa neno utaona mahakimu wanarusha mafaili dirishani. Lakini sisi wenyewe tunasemaje? Mahakama imetupilia mbali kesi. Hakuna aliyekaa akakariri "tupilia mbali" kwenye orodha. Tuliisikia kwenye taarifa ya habari mpaka ikakaa.

Mpangilio wa maneno nitaupitia haraka. "Turn off the light" na "turn the light off" zote sawa. Ukitumia "it", lazima ikae katikati: "turn it off". "Turn off it" hakuna asemaye. Ila "look after", kutunza, haikubali kupasuliwa: ni "look after him", si "look him after". Kwa kuangalia tu huwezi kujua kipi kinapasuka, kwa hiyo kila kitenzi kiingie daftarini na kiwakilishi chake: "put it off", "look after it".

Haya, fungueni madaftari, kamusi zifungwe. Nasoma sentensi, nanyi mnipe kitenzi cha Kiswahili chenye mkia. Ya kwanza: "The paint is coming off the wall."

Nasikia "inabanduka", nasikia "inabambuka". Zote nazikubali. Ya pili.