Na Kama Kobe Angeshindwa?

Walimu wenzangu, wazazi na walezi, nawashukuru kwa kuja.

Nianze na mtoto mmoja wa kike, wa miaka sita. Alikuwa amekaa mkekani mbele yangu, kanyoosha mguu wake uliofungwa vyuma. Nimemaliza kusimulia mbio za kobe na sungura, na wenzake wanashangilia. Yeye kimya, anakwaruza ukingo wa mkeka kwa ukucha. Kisha akauliza: "Na kama kobe angeshindwa, wangempenda?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye hadithi zangu zote, moja baada ya nyingine. Mnamkumbuka yule kifaranga wa bata aliyedonolewa na kuchekwa kwa ubaya wa sura, katika hadithi ya Andersen wa Denmark ya mwaka 1843? Mateso yake yanakoma lini? Anapokua akaonekana kumbe ni bata-maji mweupe, mzuri kuliko wote. Na panya je? Tunamsifu kwa sababu alitafuna kamba akamwokoa simba. Hadithi hizi nazipenda na sitaacha kuzisimulia. Lakini mtoto akilishwa hizo tu, anajifunza kwamba aliye tofauti hukubaliwa akishapendeza, au akishafaa kwa jambo. Asiyependeza na asiyeshinda anabaki wapi?

Kuna jambo jingine, na hili linatuhusu sana sisi wasimulizi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka minne hadi sita. Watoto walisomewa hadithi ya kugawana, wengine ikiwa na wanyama wenye tabia za kibinadamu, wengine ikiwa na watu. Kabla ya hadithi na baada yake, kila mtoto alipewa stika, ionekane kama atamtengea mwenzake asiyepata. Waliosomewa ya watu waligawa zaidi kuliko mwanzo. Waliosomewa ya wanyama hawakuongeza. Ila katika kundi hilo la wanyama, wale waliowaona wanyama wale kuwa wanafanana na binadamu ndio waliokuwa wakarimu zaidi.

Je, tuwatupe wanyama? Hapana, hata kidogo. Yule binti asingethubutu kuuliza, "Mimi mtanipenda?" Alimtanguliza kobe. Mnyama humpa mtoto pazia la kusemea mambo yake mazito bila kuaibika. Kazi yetu ni kumvusha kutoka kwa mnyama hadi kwa mwenzake aliyekaa pembeni yake. Simama katikati ya hadithi. Uliza: anajisikiaje sasa? Umewahi kujisikia hivyo? Nani alikufuata? Na nawasihi, msimwonyeshe mtoto kidole mkisema "kama fulani wetu hapa." Mkifanya hivyo mmelichana lile pazia mbele ya darasa zima.

Tumwangalie na fisi, maana naye tumemwonea. Ngano zetu zimemfanya mlafi na mpumbavu, anayengoja mkono wa mtu udondoke. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi madoadoa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, alikuta kwamba ni wawindaji hodari, na kule Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokula mawindo ya fisi. Niliwaeleza watoto hayo. Mvulana mmoja akakunja uso, akasema: "Kumbe tunamsingizia!" Nikawauliza ni nani mwingine tunayemsema bila kumjua. Walinyamaza kwa muda, kisha mikono ikaanza kunyooka.

Wiki iliyofuata nilirudia mbio zile, na safari hii kobe akashindwa. Sungura hakulala njiani. Alifika, akapumzika, na kobe bado yuko mbali, vumbi mpaka machoni. Nikakomea hapo, nikawaachia wao wamalizie. Wakabishana. Mmoja alitaka wanyama waanzishe mbio nyingine, za kobe peke yake. Mwingine akasema sungura arudi ambebe mgongoni, na wengi wakaafiki.

Yule binti akatikisa kichwa. "Asimbebe," alisema. "Arudi, watembee wote."