Nani Ataachia? Mhadhara kuhusu kunasa kipanya na kibodi ndani ya dirisha moja

Mabibi na mabwana, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie namna programu inavyoweza kukifanya kipanya na kibodi viitikie dirisha moja tu, mengine yote yawe kama hayapo. Nimekubali, ila niwaambie mapema: muda mwingi nitautumia kwenye kuachia kuliko kwenye kushika. Kushika ni mstari mmoja wa msimbo. Kuachia ndiko kunakowatoa watu jasho.

Wenye kompyuta za Linux ambazo bado zinatumia X11, ule mfumo wa zamani unaoonyesha madirisha na kuyagawia kipanya na kibodi, jaribuni hili hapo mlipo. Bofyeni kulia menyu ifunguke, muiache wazi, halafu mbonyeze kitufe cha kupiga picha ya skrini. Kwa wengi wenu hakitatokea kitu. Bonyezeni cha kuongeza sauti: kimya. Na mkiiacha menyu hiyo wazi mkaenda zenu, skrini haitajifunga hata ikipita saa nzima.

Kompyuta haijaharibika. Menyu imenasa kipanya na kibodi, na katika X11 anayeweza kunasa kifaa kwa wakati mmoja ni mmoja tu. Kifunga skrini nacho, ili kifanye kazi yake, lazima kinase. Kinaomba, kinaambiwa kuna aliyetangulia, kinarudi mikono mitupu. Yaani kimenu cha vipengele vinne kimeuzuia mlango wa usalama wa mashine nzima, na hakuna aliyekosea kuandika msimbo. Kila mmoja amefuata utaratibu.

Kwa nini basi menyu inase? Kwa kawaida programu hupata habari za kipanya pale tu kishale kinapokuwa juu ya dirisha lake. Ukibofya nje ya menyu, kwenye dirisha la programu nyingine, menyu haitajua, na itabaki imening'inia pale. Ikinasa, kila mbofyo popote kwenye skrini unaletwa kwake, nayo inajua kwamba umeghairi, inajifunga. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Kunasa kuna kazi halali, tena ya kila siku.

Mnanasa hata bila kujua. Shikeni upau wa kusogeza ukurasa, mburute kuelekea chini, na mkono ukipotoka kishale kitoke nje ya dirisha. Ukurasa unaendelea kusogea, sivyo? Hiyo ni kwa sababu pale mlipobonyeza kitufe cha kipanya, seva ya X, yaani programu kuu ya mfumo huo wa X11, ilikinasa kwa niaba ya dirisha lile, na itakiachia mtakapoinua kidole. Windows ina SetCapture kwa kazi hiyohiyo, na kurasa za wavuti zina setPointerCapture. Huu wa seva ya X ndio unasaji ninaoupenda kuliko wote, kwa kuwa mwisho wake uko kwenye kidole cha mtumiaji. Programu haina namna ya kuusahau.

Matatizo huanza programu inapoomba kunasa kwa hiari yake. Katika X11, mfumo wa mwaka 1987 ambao wengi wetu bado tunaishi nao, amri ni XGrabPointer kwa kipanya na XGrabKeyboard kwa kibodi. Ya kipanya ina kigezo kiitwacho confine_to: ukikipa dirisha, kishale hakitoki kabisa nje ya kingo zake. Seva inajibu kwa mojawapo ya majibu matano, na kati yake moja tu ni la mafanikio. Manne yaliyobaki ni kwamba mwingine ameshanasa, au dirisha lako halionekani, au kifaa kimegandishwa na mwingine, au muda uliotaja haukubaliki. Nimesoma programu nyingi zinazopiga amri hii bila hata kuangalia jibu. Mtu anaandika kisanduku cha nywila, anaomba kibodi, ananyimwa, na kisanduku kinaonekana vilevile kana kwamba amepewa.

Tushuke kwenye msimbo, maana najua wengi mmekuja kwa ajili ya Python. Mnataka dirisha dogo la kuuliza, na dirisha kubwa lisibofyeke mpaka mtumiaji ajibu. Katika tkinter, maktaba ya madirisha ya Python iliyojengwa juu ya Tk, inakuwa hivi:

dogo = tk.Toplevel(kubwa)
dogo.transient(kubwa)
dogo.wait_visibility()
dogo.grab_set()
dogo.focus_set()
kubwa.wait_window(dogo)

Mstari wa tatu ndio watu huusahau. Toplevel, yaani lile dirisha dogo, ikishaundwa haijachorwa bado. Inasubiri zamu yake. Ukinasa papo hapo, hasa kwenye Linux, unaweza kupata kosa lisemalo "grab failed: window not viewable". Baya zaidi, leo unalipata, kesho hulipati, kutegemea kasi ya mashine. Mkikuta mtu ametibu ugonjwa huu kwa kulaza programu nusu sekunde, ufuteni huo mstari muweke wait_visibility.

Mstari wa tano nao una siri. Unasaji wa Tk unahusu kipanya. Kibodi inaendelea kwenda palipo na fokasi, yaani mahali palipochaguliwa kupokea maandishi. Ukiacha focus_set, mtumiaji haruhusiwi kubofya dirisha kubwa, lakini herufi anazoandika zinaweza kuwa zinaingia kwenye kisanduku cha dirisha hilohilo asiloruhusiwa kuligusa. Nimewahi kuona fomu ikijazwa hivyo, na mwenyewe akishangaa jina lake limeandikiwa wapi.

Halafu mtego wa tatu. Ukiliharibu dirisha dogo kwa destroy, Tk inaachia yenyewe. Ila ukilificha tu kwa withdraw, kwa nia ya kulitumia tena baadaye, unasaji unabaki. Dirisha halionekani, bado limeshika kipanya cha programu yako, na dirisha kubwa linachorwa vizuri bila kuitikia mbofyo wowote. Hapo lazima uite grab_release kwanza, ndipo ufiche.

Ipo pia grab_set_global, inayofunga skrini nzima na programu zote. Mwongozo wenyewe wa Tk unaonya kwamba kwa njia hiyo ni rahisi mno kuifanya skrini isifae kwa lolote. Ushauri wangu ni mfupi: kama huandiki menyu, usiiguse.

Anayetaka kujua uzito wa onyo hilo, aandike programu inayonasa kipanya na kibodi moja kwa moja kwenye seva ya X, aiendeshe ndani ya zana ya kusaka kasoro, na aweke kituo cha kusimama mstari mmoja baada ya kunasa. Programu itasimama kama ilivyoagizwa. Nawe utataka kuiambia iendelee. Utaandikia wapi? Kibodi imeshikwa na programu iliyosimama, na zana uliyoisimamishia iko kwenye dirisha lisilopata hata herufi moja. Hapo dawa ni Ctrl+Alt+F3 uende kwenye konsoli ya maandishi, kama njia hiyo haijafungwa, au uingie kwa ssh, njia ya kuingia kwa mbali, kutoka mashine nyingine, uiue programu. Ikifa, muunganisho wake na seva unakatika na seva inaachia kila kitu mara moja. Kanuni hiyo ni nzuri sana, ila angalieni mpaka wake: inamsaidia aliye na programu iliyokufa. Programu iliyo hai lakini imeganda, seva inaihesabu kuwa bado inamiliki.

Waliotengeneza X walilijua hilo, na kwa muda mrefu kulikuwa na vitufe vya dharura. Ctrl, Alt na alama ya kugawanya kwenye pedi ya namba vilivunja unasaji. Ctrl, Alt na alama ya kuzidisha viliiua kabisa programu iliyonasa. Vilikuwa vimezimwa mpaka mtu aviwashe mwenyewe kwenye mipangilio, baadaye vikaondolewa. Toleo la 1.11 la seva ya X.Org likavirudisha, safari hii vikiwa wazi moja kwa moja. Januari 2012 ikabainika maana yake. Kifunga skrini ni programu iliyonasa. Ukisimama mbele ya kompyuta iliyofungwa ukabonyeza Ctrl, Alt na alama ya kuzidisha, seva inakiua kifunga skrini, na kazi zote za mwenye kompyuta ziko wazi mbele yako bila nywila. Kasoro hiyo iliandikishwa kama CVE-2012-0064 kwenye orodha ya kasoro za usalama, na vitufe vikaondolewa kwenye ramani za kawaida za kibodi.

Kisa hicho huwa kinatajwa kama uzembe wa mtu fulani. Mimi sikioni hivyo. Tatizo ni kwamba X11 haina namna ya kutofautisha menyu iliyoganda na kifunga skrini. Kwa seva vyote viwili ni programu iliyoshika. Ukimpa mtumiaji ufunguo wa kujiokoa na kimoja, umempa mpita njia ufunguo wa kukivunja kingine. Ndani ya mpango ule, jibu sahihi halikuwepo.

Nipite haraka kwenye usalama, maana kuna dhana inayonikera. Xterm, dirisha la kuandikia amri kwenye X11, ina kipengele cha Secure Keyboard: shika Ctrl, bofya kushoto, chagua, na rangi za dirisha zinageuka kukuonyesha kwamba kibodi imenaswa, ikishindikana unasikia mlio. Ni kazi safi, hasa ule mlio. Lakini msidhani kwamba nywila iliyonaswa hivyo haionekani na programu nyingine kwenye seva hiyohiyo. XQueryKeymap humpa yeyote anayeuliza hali ya kila kitufe, kilichobonyezwa na kisichobonyezwa, awe amenasa au hajanasa. Kunasa kunazuia herufi zisiende kwa mwingine kwa bahati mbaya. Mwenye nia mbaya hakumzuii.

Windows sitakaa nayo sana. ClipCursor inafungia kishale ndani ya mstatili, na michezo huitumia sana. BlockInput inazuia kipanya na kibodi vyote, lakini Ctrl+Alt+Del inapenya, kwa kuwa programu ya kawaida hairuhusiwi kuukatiza mchanganyiko huo. Hapo Windows iliwahi kufika mahali ambapo X ilipapasa miaka mingi: mlango wa kutokea haumo mikononi mwa aliyefunga.

Wayland, mfumo mpya wa Linux unaochukua nafasi ya X11, imelijenga wazo hilo tangu msingi. Programu haichukui, inaomba. Menyu ikitaka kunasa, lazima iambatanishe namba ya tukio la kweli, mbofyo au kitufe ambacho mtumiaji amebonyeza muda huo, kwa hiyo haiwezi kujizukia tu na kukunyang'anya kibodi. Na kompozita, programu inayosimamia madirisha yote kwenye skrini, inaweza kuifunga menyu hiyo wakati wowote, ikaitumia ujumbe popup_done: umekwisha, ondoka. Mchezo ukitaka kukifungia kishale unatumia itifaki nyingine, ya vizuizi vya kipanya, na huko nako kompozita ndiyo inayowasha na kuzima. Kufunga skrini kukapewa itifaki yake peke yake, ext-session-lock. Menyu na kifunga skrini hawagombanii tena kiti kimoja, na kifunga skrini kikifa ghafla, skrini inabaki imefungwa.

Vivinjari vilifika hapohapo kwa njia yao. Pointer Lock, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2016, huuficha mshale na kuupa ukurasa miondoko ya kipanya peke yake. Lakini ukurasa hauipati bila kitendo cha mtumiaji, kivinjari kinatoa tangazo, na Esc inakutoa bila ukurasa kuulizwa maoni yake. Nikiambiwa nichague ni wapi jambo hili limefanywa vizuri zaidi, nitasema hapo kwenye Esc.

Kuna upande wa wasiotumia kipanya kabisa. Kigezo cha 2.1.2 cha WCAG, mwongozo wa kufanya wavuti itumike na watu wenye ulemavu, cha tangu 2008, kinasema kama fokasi inaingia mahali kwa kibodi, basi iweze kutoka kwa kibodi. Wengine hudhani kinapiga marufuku kisanduku kinachozungusha Tab ndani yake. Hapana. Zungusha Tab upendavyo, bali kitufe cha kufunga kifikike na Esc iitikie. Kwenye wavuti, elementi ya dialog ikifunguliwa kwa showModal inakufanyia karibu yote hayo. Acheni kuandika zenu kwa mkono.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, ndugu yangu?

Anauliza: ana mfumo wa mitihani ya kompyuta na anataka mtahiniwa asitoke kwenye dirisha la mtihani, je, anase kipanya na kibodi?

Usinase. Utapigana na kila njia ya mkato ya mfumo, utashindwa na mojawapo, na siku programu yako ikiganda katikati ya mtihani mtahiniwa hatakuwa na pa kukimbilia. Badala yake, mpe kikao ambacho hakina mahali pengine pa kwenda. Kwenye Linux ipo kompozita ndogo iitwayo Cage, inayoendesha programu moja kwa skrini nzima. Windows ina njia yake ya kuifungia akaunti kwenye programu moja. Hapo dirisha la mtihani halihitaji kunasa chochote, na msimamizi anabaki na akaunti yake ya kuingilia kwa ssh pale mambo yatakapokwama. Akaunti hiyo ijaribu kabla ya siku ya mtihani, si asubuhi yake.