Anayekutania Ndiye Anayekuzika
(Mhadhara uliotolewa mbele ya wafanyakazi wa ofisi, viwanda na bandari, Tanga mjini)

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, ndugu wafanyakazi wenzangu: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na wale ambao salamu zote tatu zimewapita pembeni, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze kuhusu mahali pa kazi ambapo kila mtu anajiona ni wa hapo, afya za watu zinatunzwa na watu wenyewe wameshikamana. Waandaaji walitaka nianze na sera. Nimewaomba radhi. Sera tunazo, na nyingine nzuri kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri, VVU na mengine, na inahesabu unyanyasaji kuwa ni ubaguzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Karatasi hatuna uhaba nazo. Mimi nataka tutazame yanayopita baina ya mtu na mtu tangu tunapofungua ofisi hadi saa tisa na nusu alasiri, pale ambapo mkaguzi hayupo na bosi amefunga mlango wake.

Mji huu una uzoefu wa zamani na jambo hili kuliko tunavyojipa sifa. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche ilikuwa elfu moja kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, kule Pangani. Kufika miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mkonge wote huo ulikatwa na nani? Na Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, Warundi, watu walioletwa kutoka mbali, wakawekwa kambini, wakapewa kipande, yaani kadi ya kujaza siku 30 za kazi. Kipande kisipojaa, hakuna mshahara. Mwenye shamba hakuwa na haja ya kujua jina la mkataji, alihitaji hesabu ya mafungu tu.

Sasa jiulizeni, watu hao waliishije pamoja bila kuuana? Hawakuwa na idara ya rasilimali watu. Walikuwa na ngoma zao, walikuwa na vyama vyao vya kuzikana, na walikuwa na utani. Utani wa Wazigua na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara. Mtani aliweza kukutukana mchana kweupe, akakunyang'anya na kofia, nawe huna pa kushtaki. Lakini ukifiwa, huyo huyo ndiye wa kwanza kufika, ndiye anayeshika jembe makaburini, na ndiye anayefanya vituko mpaka wafiwa wacheke. Ruhusa ya kukuchokoza alikuwa ameilipia.

Maofisini kwetu tumechukua kuchokoza, tukaacha jembe. Mpare bahili, Msukuma mshamba, mtu wa Tanga majini na mapenzi. (Naona mnacheka. Na mimi nacheka.) Sisemi tuache utani. Ofisi isiyo na utani ni mochwari. Nasema utani una masharti mawili, na wazee waliyajua bila kuandikiwa. Kwanza, unayemtania awe na uwezo wa kukurudishia palepale, kwa sauti ileile, bila kuogopa kwamba mkataba wake utaisha Juni. Pili, uwe mtu wa kumfaa siku ya shida. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, huo si utani tena, huo ni uonevu uliovaa kanzu ya utani.

Kuna ofisi moja, jina tuliache, alikuja kijana wa fildi kutoka chuoni. Ana kigugumizi. Kila akianza kusema, dereva mmoja humwigiza, "m-m-m-mkuu", na watu wanaangua kicheko. Kijana naye anacheka, maana angefanya nini? Baada ya muda akaacha kusema kabisa, akawa anaandika kwenye vikaratasi. Wakubwa wakamwona hana juhudi. Siku moja mama wa masjala, mtu wa umri, aliinua uso kwenye mafaili akamwambia dereva: "Huyo si mtani wako. Mwache amalize." Basi. Hakupiga kelele, hakuandika barua kwa mkurugenzi. Akamgeukia kijana, akanyamaza akimsubiri, na kijana akamaliza sentensi yake. Dereva hakurudia. Nadhani alikuwa hajawahi kuambiwa na mtu anayemheshimu kwamba kichekesho chake kimeoza. Ndiyo sababu siamini sana mabango ya "Hapa hatunyanyasani". Bango halina macho ya mama yule.

Twende kwenye chai ya saa nne. Dada wa usafi, aliyeletwa na kampuni ya usafi na si mwajiriwa wa ofisi, ndiye anayechemsha maji, anayefuata chapati na maharage kwa mama ntilie, anayepanga vikombe. Akishamaliza, anachukua kikombe chake anakwenda kunywea stoo, kati ya ndoo na madekio. Hakuna aliyemkataza kukaa mezani. Ndiyo maana hakuna anayejiona ana kosa! Nimeliona hili mahali pengi mno. Na dawa yake ni ndogo hata naona aibu kuitaja jukwaani: mtu mmoja, nasema mmoja, avute kiti na kusema, "Mwanaidi, kaa hapa." Jina nimelitunga, lakini utangulize jina. Ukimwita "dada wa usafi" miaka mitatu, usitegemee akae.

Kisha sikilizeni anayoyasema akishakaa. Atawaambia kwamba ile waya ya kupachika nyuma ya friji huwa ya moto ukiigusa. Atawaambia ngazi ya nyuma inateleza mvua ikinyesha, na kwamba dawa waliyobadilishiwa ya kusafishia choo inamkereketa kifua. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, na wakala wa kuisimamia upo, lakini mtu wa kwanza kuiona hatari ni anayefagia, anayelinda getini usiku, kibarua anayepanda juu ya shehena. Hao ndio tuliowaacha stoo. Kwa hiyo mkisikia nazungumzia kukaribishana chai, msidhani nimetoka kwenye mada ya afya. Ajali nyingi mtu alishaziona kabla, ila hakuwa na wa kumwambia.

Hapohapo niseme la shikamoo. Meneja ana miaka thelathini na mbili, mlinzi ana sitini. Asubuhi mlinzi anapiga saluti, meneja anapandisha kioo cha gari. Cheo hakijawahi kufuta umri katika mji huu. Shikamoo mzee, unapita. Haikupunguzii mamlaka hata robo.

Nije kwenye jambo ambalo najua litaniletea maneno nje: michango. Mchango ni wetu, na ndio uliotubakishia sehemu ya lile jembe la mtani. Mwenzetu akifiwa tunachanga, akioa tunachanga, akijifungua tunapeleka doti ya khanga. Lakini mmeona orodha za grupu la WhatsApp? Namba moja, mhasibu mkuu, laki moja, amelipa. Namba mbili, laki, amelipa. Inashuka hivyo hadi namba kumi na tisa, mhudumu, elfu kumi, AHADI, kwa herufi kubwa. Kila jioni orodha inarushwa upya na mweka hazina, na kila jioni yule mhudumu anasoma jina lake mbele ya wote. Mshahara wake mnaujua. Wiki ya pili anatoka kwenye grupu, mnasema "ana kiburi, hapendi watu". Tangu hapo hapati taarifa za kikao, hajui nani mgonjwa, na akifiwa yeye, watu wanaulizana kama "yumo". Tumetumia chombo cha kuunganisha watu kumtoa mtu.

Kuna kikundi kimoja cha wafanyakazi kilitatua hili bila semina. Waliamua orodha iwe na majina tu, bila kiasi, na anayechanga amtumie mweka hazina peke yake. Na asiye na fedha ahesabiwe kwa kazi: kubeba viti, kupika, kukaa na wafiwa usiku. Nasikia makusanyo hayakushuka. Hata yangeshuka, ningewatetea.

Huwa tunasema upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 2025: mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na vifo vinavyohusishwa nao ni zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Na katika nchi za kipato cha chini, wanaosema wana upweke ni karibu asilimia 24, wakati nchi tajiri ni kama asilimia 11. Soma tena, ni mara mbili yao. Mtu anaweza kukaa katikati ya watu arobaini wanaosalimiana "mambo", "poa", na hana hata mmoja wa kumwambia kwamba hajalala wiki nzima. Tena Tanga, mji wa mabaraza ya kahawa! Barazani mtu akija, waliokaa husogea. Hakuna anayemuuliza amekuja na kibali gani. Nami sidai zaidi ya hapo: tusogee.

Kusogea kwa mwenzetu kiziwi maana yake ni kumgeukia uso unapozungumza, kumwandikia hoja kabla ya kikao na si baada ya uamuzi, na kujifunza alama chache za Lugha ya Alama ili asubuhi asipite kama kivuli. Kwa asiyeona, taja jina lako unapoingia, mambo ya "nijue mimi ni nani" tuwaachie watoto. Kwa mwenye ualbino, mpishe akae mbali na dirisha la jua, na kazi ya kuhesabu makontena saa saba mchana ichukue wewe.

Kwa mama anayenyonyesha, nitakawia kidogo. Sheria ileile ya 2004 inampa likizo ya uzazi siku 84, ikiwa ni pacha siku 100, na akirudi anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Bosi hajamnyima. Anayemnyima ni jirani wa meza anayeguna, "haya, mwenzetu ndo keshaondoka tena". Miguno mitatu tu, mama anaanza kubaki kazini, maziwa yanamjaa, mtoto anapewa uji kabla ya wakati. Haki iliyoandikwa Dodoma imefutwa kwa mguno wa Chumbageni, hapa mjini. Ungemwambia tu, "Nenda, simu nitapokea mimi," ingekugharimu nini?

La saa za kazi nitalipitia haraka. Mwaka 2021 Shirika la Afya na Shirika la Kazi Duniani walikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusika na vifo 745,000 vya kiharusi na moyo mwaka 2016. Sheria yetu inaweka saa 45. Zile jumbe za saa tano usiku, "mkuu, naomba ile ripoti", usizitume. Ziandike, ziache, zitume asubuhi. Na kwenye chai tupunguze soda na sukari, siku nyingine pawe na tunda. Mengine daktari atawaambia vizuri kuliko mimi.

(Hapa lilikuja swali kutoka kwa mama mmoja wa kiwandani: "Mwalimu, hayo ya wenzetu tumeyasikia. Na kama anayetudhalilisha ndiye bosi mwenyewe?")

Ahsante, mama, na nafurahi umeuliza kabla sijashuka, maana kuna waajiri watapenda sana mhadhara huu ukiishia kwenye chai na salamu. Wema wa wafanyakazi kwa wafanyakazi haumfutii mwajiri wajibu wake. Bosi akimdhalilisha mwenzenu, kwanza andikeni: tarehe, saa, maneno aliyosema, nani alikuwepo. Kumbukumbu ya kichwani hugeuka porojo mbele ya msuluhishi. Mwendeeni kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Ikishindikana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ina ofisi hapa hapa mkoani, na inaanza na fomu namba moja. Muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na kama ameachishwa kazi ni siku 30 tu. Nimeona watu wenye haki kabisa wakizimaliza siku hizo wakishauriwa "mwachie Mungu". Wengine walifika mpaka mlangoni pa Tume wakageuza, kwa kuwa walikwenda peke yao na karani alikuwa mkali. Kwa hiyo usimwambie mwenzio "nenda Tume". Omba ruhusa ya nusu siku, mfuatane, ukae naye kwenye benchi mpaka fomu igongwe muhuri.