Ndege bubu iliyombeba Emiliano Sala

Mabibi na mabwana, teksi bubu mnazijua: gari la mtu binafsi, leseni ya abiria halina, lakini pembeni ya stendi linapakia. Angani nako zipo.

Tarehe 21 Januari 2019 mshambuliaji wa soka Mwargentina Emiliano Sala alitoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff, klabu iliyokuwa imemnunua siku chache tu kabla. Alipanda Piper Malibu ya injini moja. Safari ilipangwa asubuhi, ikasogezwa hadi jioni. Karibu na kisiwa cha Guernsey ndege ikatoweka kwenye rada. Wakafa yeye na rubani.

Kule kusogezwa hadi jioni kushikeni. Rubani hakuwa na sifa ya kuruka usiku. Ruhusa yake ya kurusha ndege ya namna ile ilikuwa imekwisha muda Novemba 2018. Leseni yenyewe ilikuwa ya binafsi: unaruka na rafiki, mnachangia mafuta, basi. Kulipwa ujira ni marufuku. Na mwenye ndege alikuwa ameshamwambia David Henderson, aliyeisimamia, kwamba mtu huyu asiirushe tena. Henderson akamwita tu.

Sasa njooni kwenye injini. Damu ya Sala ilipopimwa, asilimia 58 ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ilikuwa imeshikwa na kaboni monoksaidi. Ni gesi ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa: haina harufu wala rangi. Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza, AAIB, walisema huenda moshi wa ekzosi ulipenya kwenye kabini na kumlevya rubani pia. Akapoteza udhibiti, ndege ikaenda kwa kasi isiyoiweza, ikavunjika ikiwa bado hewani.

Fundi mwenye haki atawaambia kwamba ekzosi inaweza kupasuka hata baada ya ukaguzi. Ndiyo maana kinawekwa kifaa cha kupiga king'ora gesi ikiingia. Ndani ya Malibu ile hakikuwemo, na sheria haikukidai. Hapo mimi siwalaumu wahuni peke yao. Wenye mamlaka nao walilala.

Henderson alifungwa miezi 18 mwaka 2021, kwa kuhatarisha usalama wa ndege. Kifaa kile kilisubiri zaidi: Uingereza imekifanya cha lazima kwa ndege za injini za pistoni, kama ile, zinazobeba abiria wasio marubani kuanzia Januari 2025.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, uliza.