Kamera ya Mfukoni na Alfajiri ya Mwaloni

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Asanteni kwa kunikaribisha hapa Kirumba, tena jioni ambayo wengi wenu mmetoka kazini na kuja moja kwa moja.

Mliniomba nizungumzie namna ya kuchagua kamera ndogo kwa mtu anayeipenda kazi ya picha kwa dhati. Nitaanza na saa kabla ya kamera. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, pale Mwaloni, soko letu la samaki kando ya ziwa. Jua letu Mwanza huchomoza karibu saa moja, kwa hiyo muda ule bado ni giza, na mitumbwi ya dagaa inaingia. Mnajua wenyewe kwamba dagaa huvuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi hupumzika. Maana yake ni kwamba siku zenye kazi nyingi ndizo siku zisizo na mwezi. Unabaki na taa za sola za mitumbwini na balbu ya mama anayeuza chai. Mimi kamera yoyote naipima kwa saa ile. Ikinipa uso wa mpagazi mwenye tenga begani, ukaonekana ni uso wa mtu na si rundo la chenga, hapo ndipo nauliza bei.

Kuona gizani kunataka vitu viwili: kihisi kikubwa na lenzi yenye tundu pana. Kihisi ni lile bamba dogo ndani ya kamera linalopokea mwanga. Kamera nyingi za bei nafuu, zile zinazotangazwa kwa megapikseli na zuumu ya mara 30, zina kihisi cha takribani milimita 6 kwa 4.5. Hebu tazameni ukucha wa kidole chenu cha mwisho. Kile kinachoitwa cha inchi moja, ambacho kwa kweli hakifiki inchi, kina milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake ni mara nne ya kile cha kwanza. Kisha kuna APS-C, kinachotumika katika kamera nyingi kubwa za kubadilisha lenzi, takribani milimita 23.5 kwa 15.6. Hicho ni mara kumi na tatu.

Zamani ukitaka kihisi cha namna hiyo ulibeba mkoba. Mwaka 2012 Sony walitoa RX100, kihisi cha inchi moja katika kamera ya gramu 240 hivi. Mwaka uliofuata Ricoh wakaweka APS-C ndani ya GR, kamera inayoingia mfuko wa shati. GR III ya 2019 ina gramu 257 pamoja na betri. Fujifilm X100VI ya 2024 ni kamera nzuri sana, lakini ina gramu 521, na kwangu mimi hiyo ni ya kuvaa shingoni. Kamera ikishakuwa ya shingoni, siku ya kwenda sokoni kununua nyanya utaiacha nyumbani.

Sasa zuumu. Ile RX100 ya kwanza, lenzi ikiwa haijavutwa, tundu lake ni f/1.8; namba hii ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ukivuta mpaka mwisho, linakuwa f/4.9. Mwanga umepungua zaidi ya mara saba! Canon G7 X Mark II inaanzia f/1.8 na kuishia f/2.8, hivyo hasara yake haifiki mara mbili na nusu. Namba hizi zimechapwa mbele ya lenzi yenyewe. Zisomeni kabla ya kuuliza chochote dukani. Mimi binafsi nimechagua lenzi moja isiyovuta, nami nasogea kwa miguu. Ukimsogelea mtu unalazimika kumwamkia, na picha ya mtu uliyemwamkia haifanani na ya mtu uliyemvizia. Udogo wa kamera usiwe kisingizio cha kumwibia mtu sura yake.

Jambo la pili ni kidole gumba. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo picha nyingi za ziwa letu zinapoharibika. Kipima mwanga cha kamera hudhani dunia nzima ina rangi ya kijivu cha wastani. Mpige picha mvuvi akiwa mbele ya ziwa linalong'aa asubuhi: kamera inaona mng'ao, inapunguza mwanga, na mvuvi anakuwa kivuli cheusi. Ongeza hatua moja, yaani mwanga mara mbili, hata moja na nusu. Wapige dagaa walioanikwa juani, weupe kama fedha: kamera itawafanya kijivu. Ongeza tena. Lakini msogelee mzee mwenye ngozi nyeusi mpaka uso wake ujaze picha, na hapo kamera inafanya kinyume: inauchubua uso ule, inaupa weupe usio wake. Punguza. Ni mambo matatu ndani ya dakika moja, kwenye mwalo mmoja. Kama gurudumu la kuongeza na kupunguza limefichwa ndani ya menyu, mzee ameshageuka. Kwa hiyo, ukiwa dukani, ishike kamera kwa mkono mmoja, utafute gurudumu hilo kwa gumba bila kutazama. Ukilikosa, irudishe. Na hakikisha kamera inahifadhi faili ghafi, yaani RAW, kwa sababu uso uliofifia kidogo kwenye faili hilo hurudi, ilhali kwenye JPEG, lile faili la kawaida la picha, mara nyingi huwa umekwenda.

Fokasi, yaani kuilenga lenzi ili picha itoke safi, pia hutatiza gizani. GR zina njia ya kuitega lenzi kwenye umbali uliouchagua mapema. Ukiitega mita 2 kwa f/5.6, kila kilicho kati ya mita moja na ushee na karibu mita sita kinatoka safi, na kamera haisiti. Jua likishatoka, mimi hufanya hivyo kila siku.

Niseme na hasara yangu. Kamera yangu ya kwanza ya mfukoni ilikufa kwenye mchanga wa dagaa. Lenzi zinazochomoza huvuta hewa zinapotoka na kurudi, na upepo wa ziwani ulikuwa umebeba mchanga na magamba. Ilianza kulia kama jino linalosagwa, kisha ikagoma nusu njia. Fundi aliifungua, akanionyesha, akaifunga. Niliumia, maana nilikuwa nimeidunduliza kwa miezi mingi. Tangu siku ile kamera inakaa kwenye pochi ya kitambaa kizito, na siiwashi nikiwa upande upepo unakoelekea. Ukinunua iliyotumika, iwashe na kuizima mara kumi huku umeiweka sikioni. Kisha piga picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo kabisa la kamera hiyo. Vumbi likiwa ndani utaona madoa.

(Swali kutoka nyuma: Mwalimu, na simu je?)

Swali zuri, mdogo wangu. Simu nayo ni kamera, na zipo zenye kihisi cha inchi moja. Kama ndiyo uliyo nayo, usisubiri kitu kingine. Tofauti naiona pale inapoanza kuamua kwa niaba yangu: inalainisha ngozi, inang'arisha usiku mpaka alfajiri inafanana na adhuhuri. Mimi nataka giza la Mwaloni libaki giza, na uso uwemo ndani yake. Tena simu ikiita ukiwa unapiga picha, ndiyo basi.

Maneno yametosha. Wenye kamera, ziwekeni hapa mezani, na simu pia. Naomba wa mlangoni azime taa zote, abakishe ile moja ya nje. Mama, samahani, naomba ukae hapa karibu na dirisha, ukiridhia. Kila mmoja atampiga picha moja, bila flashi, kisha tutazitazama zote pamoja.