Mbwa mgeni, paka mwenyeji: jinsi ya kuwazoesha hatua kwa hatua

Karibuni tena. Huyu mnayemwona juu ya kabati, anayetutazama kana kwamba tumekuja kumdai, ni Bibi. Ana miaka 9 na nyumba hii ni yake, mimi ni mpangaji tu. Na yule aliyejinyoosha mlangoni ni Popo, mbwa niliyemchukua kwenye kituo cha wanyama wasio na kwao akiwa tayari mtu mzima. Siku hizi wanalala chumba kimoja. Kufika hapa kulichukua wiki 11, na zingepungua kama nisingefanya upuuzi siku ya pili. Nitawasimulia tukifika hapo.

Tuanzie kabla mbwa hajaingia ndani. Ukiwa kituoni, uliza swali moja na ulishikilie: huyu mbwa alipomwona paka, alifanya nini? Usikubali ujibiwe "ni mpole sana". Mpole kwa nani? Mbwa anaweza kucheza na watoto mchana kutwa, halafu akaona kitu kidogo chenye manyoya kinakimbia, akakifukuza kama windo. Upole kwa watu ni jambo moja na kuwinda ni jingine. Kama inawezekana, omba umwone akipitishwa kwa mbali mbele ya paka, akiwa amefungwa kamba. Na kama unachagua kati ya mtoto wa mbwa na mbwa mtu mzima aliyetulia, mimi ningemchukua huyo mtu mzima. Mtoto wa mbwa hana ubaya, ila anaruka ruka, na paka hapendi mtu wa kumrukia.

Kisha wapeleke wote kwa daktari wa mifugo: chanjo, ikiwamo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, viroboto. Hapa kwenye viroboto naomba usogee karibu na skrini. Kuna dawa za mbwa za kudondoshea shingoni zenye kitu kinaitwa permethrini. Mbwa haimsumbui. Paka inamwua. Mwili wake hauwezi kuivunjavunja kama wa mbwa, kwa hiyo anaanza kutetemeka, anapata degedege. Wala si lazima umpake yeye. Akijisugua kwa mbwa ambaye dawa haijamkauka, au akamlamba, inatosha. Mwambie daktari waziwazi kwamba nyumbani kuna paka, akuchagulie nyingine.

Sasa chumba cha paka. Kiandae siku kadhaa kabla mgeni hajafika, ili paka asihisi amefungiwa kwa ajili yake. Weka maji, chakula, sanduku lake la choo mbali na chakula, mahali pa kujificha, na mahali pa kupanda. Hapo pa kupanda usipasahau. Paka akiwa juu anamtazama mbwa kama anatazama mvua dirishani. Akiwa chini kwenye kona, anapigania uhai wake.

Mbwa akiingia, mlango wa chumba hicho uwe umefungwa. Siku mbili tatu za mwanzo hakuna kuonana kabisa. Muda huo mbwa naye anapumua. Ametoka kwenye kelele, hajui choo ni wapi wala wewe ni nani. Popo alilala karibu siku mbili nzima nikadhani anaumwa.

Lakini harufu haizuiwi na mlango, kwa hiyo itumie. Tazama mkono wangu: nina soksi kavu, safi. Nampitishia Bibi shavuni, taratibu, kutoka pembeni mwa mdomo kuelekea sikioni. Hapo mashavuni ndipo paka ana tezi za harufu. Ndiyo maana anajisugua kwenye miguu ya meza na kwenye suruali yako. Soksi hiyo naiweka sakafuni upande wa mbwa. Simsukumii puani. Anakuja, ananusa, ananusa tena... na anageuka kunitazama. Hapo hapo, kipande cha nyama. Nimempa kwa sababu ya kuiacha, si kwa sababu ya kuinusa. Kitambaa cha mbwa nacho kinakwenda chumbani kwa paka, ila usikiweke kwenye kitanda chake au jirani na sahani. Mwachie aamue mwenyewe kukisogelea. Na mbwa akitoka matembezini na mwenzako, mfungulie paka azunguke nyumba yake yote, anuse mgeni amelala wapi.

Chakula kinafuata. Sahani ya paka upande huu wa mlango, ya mbwa upande ule, kila moja kama mita 2 kutoka mlangoni. Wote wakila vizuri, mlo unaofuata sogeza kidogo, kama upana wa kiganja. Paka akila nusu akaondoka, umesogeza sana, rudisha. Jambo moja la afya: paka aliyegoma kula kabisa kwa siku nzima si wa kubembelezwa. Mpeleke kwa daktari, kwa sababu paka asipokula, mafuta hujaa kwenye ini lake, hasa akiwa mnene, na hapo ni hatari kweli.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mbwa ni mazoezi. Mfundishe mambo matatu paka akiwa hayupo: akisikia jina lake akutazame, ukisema "acha" aache, ukisema "mahali pako" aende kwenye mkeka wake akalale. Dakika 5, mara tatu au nne kwa siku. Ukingoja kumfundisha "acha" siku paka anapita mbele yake, umechelewa.

Haya, ile siku ya pili. Nilifungua mlango nikiwa nimempakata Bibi mikononi, eti nimwonyeshe mdogo wake. Popo alisimama, hakubweka. Bibi alinipanda begani, akaruka kwenye pazia, pazia likashuka naye, akafika juu ya kabati na hakushuka hadi asubuhi. Mimi nilibaki na mstari mwekundu kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Usimbebe paka kumpeleka kwa mbwa. Usimfungie kwenye kikapu chake cha safari ili mbwa amnuse, maana kwake huko ni kutiwa mtegoni. Miguu yake minne iwe chini, na njia ya kuondoka iwe wazi.

Tulivyofanya baadaye ni hivi. Mlangoni kuna kigeti cha wavu. Popo ametembezwa hadi akachoka, amevaa mkanda wa kifuani na kamba, na tuko mwisho wa chumba. Bibi yuko upande wa pili, huru. Sasa usimtazame paka. Mtazame mbwa, na usihangaike na mkia wake. Angalia mdomo.

Mdomo ulikuwa wazi, ulimi nje, anahema. Unaona umefungwa? Masikio yamekwenda mbele. Mgongo umekaza. Mguu mmoja umeinuka kidogo, na macho hayapepesi. Watu wanaogopa mbwa anayebweka, lakini mimi huyu ndiye ananitia wasiwasi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kabla sijamaliza kuhesabu mbili, namwita jina. Akigeuka, nyama. Akishindwa kugeuka, hajafanya kosa, ni mimi nimemleta karibu mno. Tunaondoka tukirudi nyuma, bila kumfokea. Ukimfokea, atajifunza kwamba paka akionekana nyumba inachafuka.

Angalia pia kamba: imelegea, imeinama katikati. Ukiivuta ikakaza, mbwa naye anakaza.

Dakika 5 zinatosha, halafu funga mlango mambo yakiwa bado mazuri. Rudia kila siku. Mkia wa paka nao una lugha yake. Mkia unaopiga sakafu, pa, pa, pa, maana yake nimechoka na nyie. Ukivimba kama brashi na masikio yakalala, kikao kimekwisha.

Ukifika wakati mbwa anamwona paka, anamtazama kidogo, kisha anajilaza mwenyewe, ondoa kigeti. Kamba ibaki mwilini mwake, ikiburuzika sakafuni, na wewe uwe pale pale, si jikoni. Paka akimzaba kofi moja la pua usimgombeze, ni maelekezo ya mwenyeji. Ila mkate ncha za kucha kabla, kwa sababu ukucha ukiingia kwenye jicho la mbwa ni safari ya kwa daktari siku hiyo hiyo.

Choo cha paka kimewashinda wengi. Mbwa wengi hupenda kula mavi ya paka. Samahani kama ulikuwa mezani. Mbali na kinyaa, anaweza kupata minyoo, na paka akiviziwa chooni mara mbili atahamia kwenye zulia lako. Mimi niliinua kigeti sentimita 15 kutoka chini. Bibi anapita tumbo likigusa sakafu, Popo anaishia kuingiza pua. Pima kwa mbwa wako, maana mbwa mdogo atapita naye. Na kama una paka dume anayekwenda chooni mara kwa mara, anajikamua na mkojo hautoki, usiseme ni hasira za mgeni. Njia imeziba. Hiyo ni dharura, hata usiku wa manane.

Ukitoka, watenganishe. Ukilala, watenganishe. Wiki kadhaa za amani bado ni chache. Mimi niliwaacha pamoja bila mtu baada tu ya siku nyingi mfululizo ambazo Bibi alikimbia chumbani na Popo hakuinua hata kichwa.

Kuna mbwa ambao hawataweza. Wiki zimepita na akimwona paka bado anatetemeka, analialia, nyama iko puani na haioni. Tafuta mtaalamu wa tabia za wanyama. Akikwambia huyu anahitaji nyumba isiyo na paka, mrudishe kituoni ukiwa umenyoosha kichwa, na uwaeleze ulichokiona ili anayefuata asidanganywe na lile neno "mpole".

Ngoja, msiondoke. Bibi anashuka. Yuko kwenye kiti... sakafuni sasa. Anapita mbele ya pua ya Popo, polepole, kwa makusudi, anajua anachofanya. Popo amemwona. Na... ananitazama mimi. Nyama iko mfukoni na mkono huu umeshika kamera, kwa hiyo nazima.